Kontena lako likihamia bandari kavu, kuna saa mbili zinazokimbia

Mwaka 2017 niliagiza kontena langu la kwanza la vigae kutoka Foshan, China. Kabla ya hapo nilikuwa nanunua kwa jumla Kariakoo kwa walioagiza, na kila nikilipa nilikuwa napiga hesabu kichwani ya faida wanayoibakiza. Siku meli ilipofunga gati Dar es Salaam nilipiga simu nyumbani kusema mzigo umefika. Nikampigia na fundi mmoja wa Mbezi, nikamwambia wiki ijayo aje achukue boksi mia mbili.

Kontena lile lilitoka siku ya 34.

Nilikwenda Kurasini na bahasha yangu ya makaratasi. Kijana wa dirishani akatazama kompyuta, akaniangalia, akatazama tena.

"Mama, kontena lako halipo hapa. Limehamishwa tangu Jumanne."

"Limehamishwa na nani, mwanangu? Mwenyewe si ndiye mimi?"

"Wakala wa meli, mama. Liko bandari kavu."

Neno hilo nilikuwa nalisikia redioni, lakini sikujua kwamba linanihusu mimi na vigae vyangu. Tangu siku ile nimeshatoa makontena mengi kwenye yadi za Dar, na wafanyabiashara wadogo wanaoanza kuagiza huwa wananitumia ujumbe kuniuliza. Majibu yangu huwa yale yale, kwa hiyo nayaweka hapa.

Bandari kavu, au ICD kama tunavyoiita mjini, ni yadi iliyo nje ya uzio wa bandari ambayo forodha inaitambua kana kwamba ni sehemu ya bandari. Kontena linashushwa melini, linapakiwa kwenye tela, linapelekwa yadi hiyo likiwa bado halijalipiwa kodi, na mambo yote yaliyobaki, ukaguzi, malipo, kutoka getini, yanafanyika huko. Bandari ya Dar imebanwa na mji pande zote, haina pa kutanukia, na kontena zikijazana gatini meli zinazofuata zinasubiri nje baharini. Ndiyo sababu yadi binafsi zikapewa leseni. Nyingi ziko Kurasini, Chang'ombe, Tabata, na kando ya Barabara ya Nyerere na ya Mandela.

Jambo la kwanza la kulielewa ni kwamba mara nyingi si wewe unayechagua yadi. Wakala wa meli ndiye anayeorodhesha makontena ya kuhamishwa na mahali yanapokwenda. Wakala wangu wa forodha siku hizi huandika barua mapema, kabla meli haijafika, akiomba tupelekwe yadi tunayoizoea. Wakati mwingine tunakubaliwa, wakati mwingine hatukubaliwi. Lakini hata tukikataliwa, tunajua liendako kabla halijaenda, na hilo peke yake limeniokolea siku nyingi za kuzunguka na bahasha.

Sasa saa mbili nilizozitaja kwenye kichwa cha habari.

Ya kwanza ni saa ya yadi. Hiyo inahesabu siku ambazo kontena lako limekaa kwenye ardhi yao. Kuna siku za bure, kisha unaanza kulipia hifadhi kila siku, na kiwango kinapanda kadiri siku zinavyosonga. Saa hii inasimama kontena linapotoka getini.

Ya pili ni saa ya wenye meli, ile ya dimareji. Kontena lenyewe, lile boksi la chuma, ni mali yao, umeazimwa tu. Nao wana siku zao za bure, na zikiisha wanakutoza kwa dola kwa kila siku unayoendelea kulishikilia. Saa hii haisimami kontena linapotoka getini. Inasimama siku ulipolirudisha likiwa tupu, mahali walipokuelekeza, na ukapewa karatasi ya kupokelewa.

Mimi sikujua kwamba ni saa mbili. Nililipa hifadhi, nikalipa na dimareji mpaka siku ile ya kutoka, nikajiona nimemaliza. Kontena likakaa nje ya ghala langu siku tano zaidi kwa sababu makuli niliowakodi walikuwa wanashusha kidogo kidogo, na mimi nikiwaambia wasiharakishe wasije wakavunja vigae. Siku tano hizo zilikuja kama ankara ya peke yake. Jumapili na sikukuu zimo, hakuna siku inayorukwa.

Kwa hiyo ukipata ankara yoyote, uliza kwanza: hii ni ya yadi au ya wenye meli? Kisha uliza inaanza kuhesabiwa siku gani. Kuna yadi inayohesabu tangu meli ilipomaliza kushusha, na kuna inayohesabu tangu kontena lilipoingia kwenye geti lake. Tofauti inaweza kuwa siku tatu au nne, na siku hizo ni zako kama una tarehe mkononi. Mimi hudai tarehe zote mbili kwa maandishi.

Kuna na hesabu ya tatu, ya sheria, ambayo wengi hawaijui mpaka waone mzigo wao gazetini. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inataka mzigo uwe umewasilishiwa kadhia, yaani tamko la forodha, ndani ya siku 21 tangu meli ianze kushusha. Ukizembea, mzigo unaweza kuhesabiwa umewekwa kwenye ghala la forodha. Ukikaa huko siku 30 unatolewa tangazo, na siku 30 nyingine zikipita bila wewe kutokea unahesabiwa umetelekezwa, unauzwa kwa mnada. Sheria hiyo ni moja kwa Tanzania, Kenya, Uganda na wenzetu wengine wa Jumuiya.

Kazi inafanyika meli ikiwa bado baharini

Siku zangu 34 hazikuliwa na yadi. Nyingi nilizila mwenyewe kabla.

Nilikuwa nimemlipa muuzaji asilimia 30, na tulikubaliana 70 iliyobaki nimalize kabla hajanitumia hati ya shehena, ile BL. Nikawa navuta muda, nikisubiri zamu yangu ya mchezo wa kupeana hela ifike. Meli ikapita Singapore, kontena likahamishiwa meli nyingine Salalah, Oman, likaingia Dar, na BL bado iko mezani kwa mtu Foshan. Bila BL wakala wa meli hakupi kibali cha kuchukua mzigo. Bila kibali hicho yadi haikufungulii. Nilipomaliza kulipa, karatasi ikaja kwa ndege siku sita baadaye. Siku sita hizo zote kontena lilikuwa linahesabiwa.

Sasa namaliza malipo meli ikiwa njiani, na kama muuzaji ni wa kuaminika naomba BL iachiwe kwa teleksi, maana yake anairudisha kwa wenye meli huko huko China na wao wanawajulisha wenzao wa Dar kwamba mzigo uachiwe bila karatasi halisi kusafirishwa. Kadhia nayo inaweza kuandaliwa kabla meli haijafika. Usisubiri uione meli.

La pili, na hili naliwekea mkazo: siku za bure za dimareji zinajadiliwa siku ya kupanga meli. Ukishafika yadi umechelewa. Ukinunua kwa CIF, muuzaji ndiye aliyelipa meli, yeye ndiye aliyezungumza nao, na yeye hana haraka na siku zako. Atachukua nauli rahisi, na nauli rahisi mara nyingi huja na siku chache. Ukinunua kwa FOB, wakala wako wa usafirishaji ndiye anayetafuta meli, na unaweza kumwambia: nataka siku 21 za bure, au angalau 14, ziandikwe kwenye BL. Nimeona watu wakibishana na muuzaji juu ya senti za dola kwa kila mita ya kigae, kisha wanakubali siku 7 za bure bila kuuliza. Bandari ikisongamana kidogo tu, siku 7 zinaisha kontena bado halijapangiwa ukaguzi.

La tatu ni vibali. Kama bidhaa yako inahitaji cheti cha ubora cha kabla ya kusafirishwa, hakikisha kimepatikana huko huko inakotoka. Bidhaa ikifika bila cheti, Shirika la Viwango, TBS, watataka kuikagua hapa na kuna adhabu juu yake, na muda wote wa vipimo kontena limelala yadi.

Tena soma namba ya kontena kwa kidole. Kontena lina herufi nne, kwa kawaida ya mwisho ni U, kisha tarakimu sita, kisha tarakimu moja ya kuhakiki ambayo ubavuni mwa kontena huzungushiwa kiboksi. Ile ya mwisho inatokana na hesabu ya herufi na tarakimu zilizotangulia, ili kosa la kuandika ligundulike. Mwaka 2019 barua moja ya kuachia mzigo wangu iliandikwa 6 mahali pa 8. Mfumo wa yadi ukakataa kwa sababu kontena la namba hiyo halipo. Kurekebisha tarakimu moja kulichukua siku mbili: barua kwa wakala wa meli, barua kurudi yadi, mtu wa kusaini yuko msibani. Tangu hapo kila karatasi inayotoka naisoma mwenyewe, na wakala wangu hanuni tena.

Siku ya ukaguzi uwepo mwenyewe

Mfumo wa forodha unaupangia mzigo njia kwa kuangalia hatari. Kuna inayoachiwa moja kwa moja, kuna inayoangaliwa makaratasi, na kuna inayofunguliwa. Mwagizaji mpya jiandae kufunguliwa, usihesabu vinginevyo.

Ndani ya yadi makontena yamepangwa moja juu ya lingine, manne au hata zaidi, na lako linaweza kuwa la chini kabisa. Mashine lazima ipangue ya juu ndipo lako lipelekwe sehemu ya ukaguzi. Ukiomba asubuhi ukitegemea adhuhuri, utashinda juani. Omba siku moja kabla, lipia kunyanyuliwa siku hiyo hiyo, kisha jioni piga simu kwa msimamizi wa yadi kuuliza kama limewekwa chini. Simu hiyo ya jioni nimeiona ina nguvu kuliko barua tatu. Mzee mmoja msimamizi alinieleza bila kuficha: "Mama, lenye mtu anayeliulizia ndilo tunalianza."

Sili ikatwe mbele yako. Kabla haijakatwa linganisha namba yake na iliyoandikwa kwenye BL, na uipige picha ikiwa bado imefunga mlango. Ikiwa namba ni tofauti, usiruhusu mlango ufunguliwe. Simamisha shughuli, andikisha tofauti hiyo mbele ya ofisa wa forodha na mtu wa yadi, mjulishe wa bima. Mlango ukishafunguliwa huwezi tena kumshawishi mtu kwamba boksi zilizopungua zilipungua baharini.

Mkaguzi akimaliza, sili mpya ifungwe na namba yake uiandike. Mwenzangu mmoja wa vyombo vya plastiki aliondoka mapema siku ya ukaguzi, akamwachia kijana wake, na kijana naye akaenda kula. Kontena lilibaki limefungwa kwa kipande cha waya usiku mzima. Sisemi aliibiwa, kwa sababu hatukuweza kujua. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Kuhusu bima nina neno moja. Watu wanadhani bima ya safari inaendelea mpaka mzigo uingie dukani, hata ukikaa mwaka. Masharti ya kawaida yanayotumika duniani, yale ya Institute Cargo Clauses, yanamaliza ulinzi siku 60 baada ya mzigo kumaliza kushushwa melini kwenye bandari ya mwisho, au mapema zaidi kama wewe mwenyewe umeamua kuufanya mahali fulani kuwa stoo yako. Wapo wanaoliacha kontena yadi makusudi wakisubiri hela ya kodi. Pamoja na hifadhi na dimareji, ujue kuna siku bima nayo inakuacha.

Na malipo yote ya serikali lipa mwenyewe, kwa kontrol namba, benki au kwenye simu. Usimkabidhi mtu fedha taslimu akulipie. Novemba 2015 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifanya ziara ya kushtukiza bandarini, ikabainika makontena 349 yalikuwa yametoka bila kulipiwa kodi. Misukosuko iliyofuata haikuwagusa wakubwa peke yao. Waagizaji wa kawaida nao waliulizwa risiti, na aliyemwamini mtu wa kati alibaki hana cha kuonyesha. Risiti zangu nazitunza kwa namba ya kontena, kila kontena na faili lake.

Kwala, na swali la umbali

Tangu Julai 31, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipoizindua Bandari Kavu ya Kwala mkoani Pwani pamoja na usafirishaji wa mizigo kwa reli ya kisasa, naulizwa sana: ni nafuu au ni mzigo? Kwala iko zaidi ya kilomita 80 kutoka bandarini, na imejengwa ihudumie makontena 823 kwa siku. Jibu langu linategemea duka lako liko wapi.

Kama unauza Morogoro, Dodoma au Mwanza, au unapeleka Congo na Burundi, kontena limeshavuka foleni ya mji bila lori lako kuigusa. Hiyo ni faida ya kweli. Kama ghala lako liko Kariakoo au Temeke, kontena limepelekwa bara nawe utalirudisha tena mjini, na kontena tupu nalo litatakiwa mahali. Kabla hujakubali, omba bei ya safari nzima kwa maandishi: bandarini hadi yadi, yadi hadi ghala, ghala hadi yadi ya matupu. Ukipewa bei ya kipande kimoja tu, hujapewa bei.

Binamu yangu mwenye duka Nairobi anaishi na hali hiyo miaka yote. Bandari kavu ya Embakasi ilifunguliwa 1984, na tangu treni ya mizigo ya SGR ianze Januari 2018 makontena mengi yanapandishwa huko kutoka Mombasa. Yeye ananisisitizia swali moja nami nalipitisha kwenu: BL imeandika mahali pa mwisho ni wapi? Ikiandikwa Nairobi, wenye meli wanawajibika kulifikisha Nairobi. Ikiandikwa Mombasa, nauli ya reli na kero zake ni zako. Na tupu linarudi wapi? Kulirudisha Mombasa tupu kwa lori kunaweza kula faida yote.

Lori na kontena tupu

Vigae ni vizito. Kontena la futi 20 lililojaa boksi zaidi ya 900 hukaribia tani 27 za mzigo peke yake, na ndiyo sababu hatuvipakii kwenye futi 40. Nafasi ingebaki lakini uzito ungekuwa umevuka. Kwenye barabara zetu kikomo cha jumla, gari na mzigo pamoja, ni tani 56, lakini kila mhimili, yaani ekseli, nao una kikomo chake. Muulize mwenye lori mihimili mingapi kabla hujaulizia bei. Gari la bei rahisi lisilotosha litakataliwa, nawe umeshalipia kunyanyua.

Kontena likitoka getini kuna karatasi ya hali ya kontena ambayo dereva husaini. Madereva wengi husaini bila kuangalia. Mimi humwomba asubiri dakika kumi. Nazunguka pande zote na simu, napiga picha kila bonde na kutu, kisha kila kilichobonyea kiandikwe kwenye karatasi hiyo. Baada ya kushusha mzigo naingia ndani, naomba milango ifungwe, nasimama gizani. Mwanga ukipenya popote, kuna tundu, napiga picha. Nafagia, naondoa misumari na mbao za China zilizobaki sakafuni. Kwa sababu yadi ya matupu itatafuta kasoro, na kasoro isiyoandikwa wakati wa kutoka inakuwa yako.

Rudisha asubuhi na mapema. Foleni ya yadi za matupu jioni ni ndefu, geti likifungwa dereva wako wa tano kutoka mlangoni, siku nyingine imehesabiwa. Na thibitisha kwa simu siku ile ile kwamba yadi uliyoelekezwa bado inapokea, maana ikijaa wenye meli hubadilisha na ujumbe huo hautafuti dereva aliyeko njiani.

Ile karatasi ya kupokelewa kwa tupu usiitupe. Kontena nililorudisha Machi 2021 lilinitafuta Novemba, kwa ankara ya dimareji ya miezi minane, kwamba sikulirudisha. Nilifungua faili, nikatoa karatasi yenye muhuri na tarehe, nikaituma. Kesho yake asubuhi ankara ikafutwa.